Meno ya Daktari Usoni Mwangu

Wiki iliyopita niliwaacha pale nilipokata vifungo mia mbili vya mbao bila kutoboa hata tundu moja. Wasomaji wawili wameniandikia kuuliza kama ni kweli. Ni kweli. Vilivyobaki vimo ndooni, na dada yangu hunionyesha ndoo hiyo kila anapoona nimeanza kujidai.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza: mimi ni mtunza bohari mstaafu. Nimesoma shule ya usiku miaka tisa. Nina vyeti kumi na vitatu na vyote nimevitia fremu, hata kile cha kuhudhuria tu. Ndiyo maana mtaani wananiita Mzee Vyeti. Wanadhani wananikejeli.

Cheti cha mwisho ni cha mashine ya leza, ile inayokata mbao kwa mwanga. Ninayo chumba cha mbele. Unaniletea picha yako, mashine inaichoma juu ya plaiwudi nyembamba, kisha inaikata vipande sitini vinavyoshikana. Unakwenda nyumbani na boksi, unavipanga mwenyewe mpaka uso urudi.

Vile vifungo vilikuwa vya Fundi Cherehani, mjane mwenye duka pale kwenye kona. Hakunigombeza. Alichukua sita, akavibandika kwa gundi kwenye suti aliyokuwa akinishonea, akarudi nyuma hatua moja kutazama.

"Hii itakuwa suti ya kutazamwa tu," akasema. "Kufungwa, hapana."

Nikampenda pale pale.

Sasa niungame jambo ambalo nimelificha wiki zote nne za safu hii.

Sina meno mawili ya mbele, ya juu.

Niliyang'oa mwenyewe. Lilianza kuuma moja. Nilikuwa na kitabu cha afya ya nyumbani kilichoeleza hatua saba, nami nikazifuata zote isipokuwa ya kwanza, iliyosema nenda kwa daktari. Jino likatoka zima, safi kabisa. Ndipo nikagundua nimeng'oa jirani yake. Ikabidi nirudie hatua zote.

Tangu siku hiyo nimefuga sharubu nene kama ufagio, zinazoshuka mpaka mdomo wa chini. Miaka kumi na moja sijacheka kinywa wazi. Nikifurahi sana, nacheka kwa pua. Watu husema nina maringo. Nimewaacha waseme. Afadhali nionekane na maringo kuliko nionekane na pengo.

Anayejua ni Dada peke yake, kwa sababu ndiye aliyefagia.

Basi Jumatatu nilipita dukani kwa Fundi Cherehani, nikamkuta anakunja vitambaa na kuvitia kwenye masanduku.

"Unahama?" nikauliza.

"Mwanangu anataka nikaishi naye. Mji wa mbali. Alhamisi saa kumi jioni atanipigia simu, anataka jibu moja tu: naenda au siendi."

"Na wewe mwenyewe unataka nini, Mama?"

Akatoa pini mdomoni. "Mimi? Hakuna aliyeniomba nibaki."

Mtu mwingine angeomba pale pale. Mimi nilikwenda nyumbani kuandaa maombi rasmi.

Nilipigwa picha na suti yangu. Nikaiingiza kwenye kompyuta, na chini ya picha nikaandika kwa herufi kubwa: NINAOMBA KUKUOA. JIBU KWA MAANDISHI AU KWA MDOMO.

Dada akaja kusoma begani kwangu. Ni mkubwa wangu kwa miaka mitatu, na hajawahi kuisahau hata siku moja.

"Umesahau kuandika 'nakala kwa mkurugenzi'," akasema.

"Dada, hii ni barua ya mapenzi."

"Naona. Nimetetemeka."

Wiki hiyo hiyo nilikuwa na kazi nyingine, ya Daktari wa Meno, ambaye kliniki yake inatazamana na duka la Fundi Cherehani. Alitaka picha yake mwenyewe akiwa amecheka, meno yote nje, aiweke pale wagonjwa wanapokaa kusubiri. Wakipanga vipande watasahau maumivu. Chini aliagiza maneno: TABASAMU HILI LINAWEZEKANA.

Sasa, ili mwelewe maafa yaliyotokea, lazima niwaeleze ninavyofanya kazi.

Nina mchoro mmoja wa kukatia. Niliubuni kwa siku kumi na nne, na mwalimu wangu aliuita wa kipekee. Kila picha inakatwa kwa mchoro huo huo. Na kila uso nauweka kama wa kitambulisho: katikati ya ubao, masikio yote mawili yaonekane, kidevu kwenye mstari. Leza nayo haijui rangi ya mtu. Inachoma tu, na sote tunatoka kahawia.

"Ngoja," Dada alisema Alhamisi asubuhi, mashine ikiwa inakata. "Kama mchoro ni mmoja, kipande cha huyu si kitaingia kwa yule?"

"Kitaingia barabara. Ndio ubora wenyewe. Vipimo havipishani hata unywele."

"Basi andika namba nyuma. Huyu moja, yule mbili."

"Namba ni za mtu asiyeijua kazi yake, Dada."

Akanitazama. Kisha akatazama ile ndoo ya vifungo.

Mashine ilipomaliza, niliweka picha mbili mezani, kila moja ikiwa imeshikana. Leza huacha masizi, hasa penye weusi mwingi. Sharubu zangu zilikuwa nyeusi tititi, na midomo ya Daktari nayo ilikuwa imeungua kidogo. Nikatoa vipande vinne vya mdomo wangu na vinne vya mdomo wa Daktari, nikavisugua kwa spiriti na mswaki, nikavilaza kifudifudi juu ya kitambaa vikauke. Vyangu kulia, vyake kushoto. Mbao zenyewe nikazipindua kifudifudi pia, nipige msasa mgongoni.

"Mzee Vyeti!" Dada akaita kutoka dirishani. "Wifi yangu anashusha pazia la duka! Anaondoka leo leo!"

Nilikimbia. Kumbe alikuwa anakung'uta vumbi. Akanipungia mkono, nikampungia, nikarudi ndani mbio, kiwiko changu kikakivuta kitambaa.

Vipande vinane vikavurugana.

Vyote bado kifudifudi. Vyote sawasawa. Ningeweza kuvipindua. Mtu yeyote mwenye akili angevipindua. Lakini mimi nilikuwa naijua kazi yangu.

Nikavirudisha kwa kukumbuka. Vikaingia vyote, tik, tik, tik, kama vimezaliwa pale. Nikapiga msasa, nikavunja picha, nikafunga maboksi mawili, nikampa Dada ayapeleke.

Saa tisa nikaitwa.

Dukani kwa Fundi Cherehani palikuwa pamekaa kihamaji. Rafu tupu. Cherehani imefunikwa shuka. Masanduku mawili mlangoni, la tatu wazi. Meza ya kukatia ndiyo iliyobaki na uhai, na juu yake boksi langu. Simu yake ameiweka karibu na mkasi. Dada tayari alikuwa amekalia sanduku, kama mtu aliyekata tiketi.

"Nimekusubiri," Fundi Cherehani akasema, pini mbili mdomoni, futi yake shingoni. "Sikutaka kuipanga peke yangu."

Akaanza na pembeni.

"Naanza na pindo. Nguo na picha ni mamoja."

Likaja bega. Likaja koti. Vikaja vifungo.

"Vifungo vyangu visivyofunga," akacheka. Kikafuata kipande kingine. "Na hili sikio ni lako kabisa. Lina kiburi."

"Sikio halina kiburi, Mama."

"Lako linacho."

Akashuka chini kwenye maneno. Kidole chake kikafuata herufi. "'Ninaomba ku...' Kukopa?"

"Endelea kupanga."

"'...kukuoa.'"

Akavuta kiti, akakaa. Nilisikia saa ya ukutani, ambayo hakuwa ameipakia. Dada alikuwa ameacha kupumua, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya.

"'Jibu kwa maandishi au kwa mdomo,'" akamalizia kusoma, na hapo akacheka mpaka pini zikamdondoka.

"Ndiyo utaratibu," nikasema.

"Ningekujibu sasa hivi," akasema akifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Lakini tazama, huyu bado hana mdomo. Siwezi kumjibu mtu asiye na mdomo."

Vilibaki vipande vinne. Akakiweka cha kwanza. Akakiweka cha pili. Mimi nilikuwa nimesimama upande wa pili wa meza, nikiona kichwa chini miguu juu, nikashangaa mbona sharubu zangu zimekuwa nyeupe.

Akaweka cha tatu na cha nne.

Nikazunguka meza.

Yalikuwa meno. Nilihesabu haraka haraka. Yalikuwa mengi mno.

Macho yangu, masikio yangu, suti yangu, na katikati kicheko kipana cha mtu anayekula vizuri na kulala vizuri. Hakuna sharubu. Hakuna pengo. Dada nyuma yangu akatoa sauti kama ya birika linalotaka kuchemka.

Nilingoja Fundi Cherehani apige kelele. Hakupiga. Aliweka kiganja juu ya ule mdomo, taratibu, kama anapima joto la mtoto.

"Kumbe," akasema.

"Kumbe nini?" nikauliza.

"Mimi nikikuona umefunga mdomo kama kabati, nilidhani ndani hakuna kitu. Nilijiambia, mwanamume asiyecheka, nikikaa naye tutazungumza nini jioni?" Akanitazama. "Kumbe umezitoa sharubu kwenye picha ili nione kilichofichika. Hii ni ahadi, sivyo? Kwamba nikikubali, utazinyoa na utanichekea hivi?"

Wasomaji wangu, nilikuwa na nafasi ya kusema kweli. Mlango wa kweli ulikuwa wazi kabisa. Ningesema: Mama, hayo si meno yangu. Maneno matano tu.

Nikasema, "Ni ahadi."

Dada akalifunga lile sanduku lililokuwa wazi kwa kishindo, kisha akalikalia hilo pia.

"Basi nionyeshe," Fundi Cherehani akasema, uso wake umechangamka kama wa binti. "Mara moja tu. Kisha nampigia mwanangu kabla hajanipigia."

"Sasa hivi?"

"Unataka mwezi ujao?"

"Mwanga wa humu hautoshi."

"Ni mchana, Mzee wangu. Mlango uko wazi."

"Koo linaniuma."

"Sijaomba koo."

"Mwonyeshe, ndugu yangu," Dada akasema kwa sauti tamu ambayo sijaisikia tangu utotoni. "Wifi anasubiri. Cheka kidogo. Una vyeti kumi na vitatu, hukosi cha kucheka."

Nikacheka kwa pua.

"Hiyo ni chafya," Fundi Cherehani akasema.

Nikatoa leso, nikajifanya nafuta jasho, nikawa nawaza kama mtu anaweza kuzimia kwa hiari. Naam, hapo ndipo mlango ulipojaa koti jeupe.

Alikuwa Daktari wa Meno. Mikononi alibeba sinia, amelishika sawasawa kama amebeba bakuli la mchuzi moto.

"Mzee Vyeti!" akafoka. "Nimekwenda kwako sikukukuta. Umenifanya nini?"

Akalitua sinia mezani, pembeni ya picha yangu.

Macho yalikuwa yake, yamejaa furaha. Mashavu yake yamepanda juu. Na chini ya furaha yote hiyo, mdomo wangu. Umefungwa kabisa, sharubu zimening'inia, kama mtu aliyemeza ndimu katikati ya sherehe. Chini yake: TABASAMU HILI LINAWEZEKANA.

"Mgonjwa wangu wa kwanza ameipanga," Daktari akasema. "Alipoweka kipande cha mwisho aliitazama, akainuka, akasema jino limepona, akaondoka. Wa pili akamfuata. Nina chumba kitupu! Mdomo wangu uko wapi?"

Mdomo wake ulikuwa pale mezani, unamchekea.

Fundi Cherehani akatazama sinia. Akatazama picha yangu. Akatazama sharubu za kwenye sinia, kisha sharubu zilizo chini ya pua yangu. Ni mwanamke anayejua kitambaa kipi kimetoka kwenye jora lipi.

"Daktari," akasema kwa upole, "hebu cheka."

"Nina hasira, Mama."

"Cheka na hasira yako."

Akacheka. Ndiyo kazi yake, hawezi kujizuia. Meno yakatoka yote, na Fundi Cherehani akainama kwenye picha yangu akilinganisha, jino kwa jino, kutoka kushoto kwenda kulia.

"Ahsante. Unaweza kufunga."

Simu ikaita.

Sote tukaruka. Ilikuwa inazunguka yenyewe mezani kwa mtetemo, ikijigonga kwenye mkasi. Nikatazama saa ya ukutani. Kumi kamili. Mwanawe ni mtu wa ratiba. Siku nyingine ningempenda.

Fundi Cherehani hakuipokea. Alichomoa vipande vinne kutoka usoni pangu, kimoja kimoja, akamkabidhi Daktari mkononi. Picha yangu ikabaki na shimo.

"Mimi nimeulizwa swali," akasema. "Swali zuri, hata kama limeandikwa kama la ofisini. Nataka kulijibu. Lakini nitamjibu aliyeuliza, siyo meno ya jirani." Akakunja mikono. "Sasa wewe."

"Mama..."

"Sitaki maneno. Fungua."

Simu ikaendelea kuita. Dada alikuwa ametazama chini. Nadhani aliogopa kwa niaba yangu. Hilo lilinitisha kuliko yote.

Nilifikiri juu ya vyeti vyangu vyote ukutani. Hakuna hata kimoja cha jambo hili.

Nikashika sharubu zangu kwa vidole viwili, nikazipandisha kama mtu anayefungua duka asubuhi. Nikafungua mdomo. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshafika huko, nikacheka.

Hewa ilipita pale mbele. Nilikuwa nimesahau kwamba inapita.

Daktari akasogeza pua karibu. "Nani amekutoa haya?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Kitabu."

"Na kwa nini mawili?"

"La kwanza halikuwa lenyewe."

Daktari akafumba macho kama mtu aliyeumia yeye. Dada akaanza kucheka, akajiziba kwa viganja, kicheko kikamtokea masikioni. Fundi Cherehani hakucheka. Alinisogelea mpaka nikasikia harufu ya chaki ya nguo mikononi mwake, akanishika kidevu, akakigeuza kwenye mwanga wa mlangoni.

Kisha akavua futi shingoni, akainyoosha mbele ya mdomo wangu, akapima pengo. Akasoma namba. Akalipima tena, kama afanyavyo kabla ya kukata kitambaa asichotaka kukiharibu.

Simu bado inaita. Akaichukua kwa mkono wa kushoto, mkono wa kulia bado umeshika futi.

"Mwanangu," akasema, "usikate simu. Kuna kitu nakipima."